Sanduku la Babu na Macho ya Yunisi

Jumatatu, 5 Januari 1953. Ilongero.
Nimelipata! Sanduku la safari la ngozi, pembe za shaba. Limekaa ghalani kwa Babu Alute tangu alipombebea mizigo Mjerumani mmoja. Ndani kuku alikuwa ameatamia mayai. Nimemhamisha. Amenidonoa mara mbili. Babu amesema nichukue, yeye hana safari tena.

Jumamosi lori linatupeleka chuo cha ualimu Tabora, mimi na binamu yangu Yunisi. Yeye ana sanduku jipya la bati, lenye maua mekundu. Ameshalileta mpaka kanisani. Mimi sitashuka mbele ya wasichana wa Tabora na gunia kichwani. Afadhali nisiende.

Jumanne, 6 Januari.
Shaba nimesugua kwa majivu na ndimu. Ngozi imekunywa samli yote ya mama. Mama ameuliza samli iko wapi. Nikasema labda paka. Hatuna paka. Jina langu nimeliandika kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe.

Yunisi amekuja kuomba chumvi. Kwao chumvi ipo, niliiona Jumapili. Ameuliza nimefunika nini kwa kanga. Nikajibu: mtama. Mtama wenye pembe nne.

Jumatano, 7 Januari.
Harufu ya kuku haitoki. Nimechukua nta ya Babu, ile anayopaka mizinga yake, nikapaka ndani kote. Sasa linanukia asali.

Yunisi tena, anarudisha chumvi. Nani hurudisha chumvi? Akanusa, akasema, "Kristina, hiyo si nta ya mizinga? Unaita nyuki, mwenzangu."

Wivu huo. Ila ameshaliona, kwa hiyo haliwezi kulala nyumbani. Jioni nimelipandisha kwa kamba kwenye panda ya mninga, nyuma ya shamba. Kifuniko nimekiacha wazi kidole kimoja, lipate hewa.

Alhamisi, 8 Januari.
Sikuthubutu kwenda mtini, nisije nikafuatwa. Badala yake nimemfuata Yunisi kutwa. Ameteka maji. Amesukwa nywele. Amepalilia. Anajua sana kuficha mambo.

Ijumaa, 9 Januari.
Nimepanda mninga. Nimeshuka haraka kuliko nilivyopanda. Jicho la kushoto halifunguki. Kundi zima la nyuki limehamia ndani ya sanduku langu!

Nimemwamkia Babu kwa magoti yote mawili, nikamwomba awafukuze kwa moshi. Amelitazama sanduku kwa furaha ambayo sijaiona tangu nifaulu mtihani. Mizinga yake mitatu imebaki mitupu mwaka huu.

"Mjukuu wangu," akasema, "nyuki waliokuja wenyewe hawafukuzwi."

Moshi alifukiza, lakini kidogo tu, wa kumtosha kupanda na kisu cha moto. Amechoma alama ya mizinga yake kwenye kifuniko. Juu ya jina langu.

Jumamosi, 10 Januari.
Naandika ndani ya lori, kwa jicho moja. Nimekalia gunia langu. Yunisi amesema sanduku lake lina nafasi, niweke nguo zangu humo. Anataka kujua nina nguo ngapi. Nimekataa.

Nimelifikiria sana kosa langu. Kosa ni ule mninga: kila mtu anaujua. Chuoni wanasema kuna stoo ya vitu vya wamisionari wa zamani. Sanduku halitakosekana. Bonge la nta ninalo.

Yunisi anasema nyuma ya bweni kuna miti mirefu ambayo hakuna mtu anayeikwea. Kwa nini ameniambia? Nitachagua mrefu kuliko yote.