Mfalme Aliyeanguka Mbele ya Wazazi

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa maigizo kavunjika mguu. Masikitiko makubwa! Nimejitolea kushika darasa lake kabla mkuu wa shule hajamaliza kutangaza. Miaka yote hii nafundisha jiografia, hakuna aliyewahi kunishukuru kwa machozi. Yeye kila mwaka watu wazima wanamlilia. Onyesho ni Ijumaa. Safari hii ni zamu yangu!

Jumanne, 4 Juni
Nimetangaza kuwa mfalme nitaigiza mwenyewe, wanafunzi wajifunze kwa kutazama. Aliyekuwa mfalme nimempa nafasi ya mjumbe. Nafasi hiyo ilikuwa ya binti mmoja mwenye kigugumizi. Kigugumizi, mbele ya wazazi! Nimemhamishia kwenye pazia. Akaitikia, akashika kamba, macho chini.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kumwona mgonjwa, nimchote siri zake. Ati hana siri: anasubiri tu mtoto amalize anachotaka kusema. Mchoyo huyo! Akauliza mjumbe wake anaendeleaje. Nikasema bila yeye onyesho haliwezi kuanza. Si uongo.

Ijumaa, 7 Juni
Ukumbi pomoni. Nikaingia kwa madaha, nikakanyaga joho langu mwenyewe, nikaanguka kifudifudi. Vicheko! Nikainuka, maneno yote yameyeyuka. Nikajikuta nataja milima mirefu. Mjumbe kuniona hivyo, akakimbilia nyuma ya jukwaa.

Hapo binti akaachia kamba, akaja katikati. “M-m-mfalme…” Mimi nikanyamaza, maana sikuwa na la kusema. Akakwama, akavuta pumzi, akaendelea. Akaufikisha ujumbe wote mpaka mwisho. Ukumbi mzima ukasimama. Mama yake analia waziwazi. Mimi nikainama kupokea makofi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekutana na binti huyo na mama yake dukani. Akaniamkia, kisha akasema, polepole, “Mwalimu, ulianguka, wakacheka, na hu-hukufa. Nikaona hata mimi sitakufa. Halafu ukanisubiri.” Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikapangusa macho kidogo. Vumbi la dukani.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetafakari. Ni wazi nina kipaji, na kipaji chenyewe ni kuanguka. Nimemwandikia mkuu wa shule kuomba darasa la maigizo moja kwa moja, joho liongezwe urefu. Tena mwalimu wa muziki leo amekohoa vibaya. Nimempa pole nyingi, nikaingia stoo kujaribu sauti.