Sauti Yangu Inalala Nyumba za Watu

Jirani yangu mmoja aliwahi kuniuliza, tena mbele za watu, "Mama Toleo, siku ukifa tukuzike na chaja au bila chaja?" Nikamjibu kwamba chaja zangu ni za aina tatu, wasifukie kabla hawajaniuliza. Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaingia ndani nikaitafuta ile ya tatu nisiione.

Hilo jina la Toleo sikupewa na wazazi. Nimepewa na benchi, kwa kuwa kila toleo jipya la simu likitoka nalitaka. Benchi lenyewe liko kati ya kibanda cha fundi simu na mlango wangu mimi, ninapopigia pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Mlango ukiwa wazi, mimi ni mtu wa benchi. Nikiufunga, ni mjane anayefanya kazi zake. Huwa siufungi.

Asubuhi hiyo tulikuwa wanne. Bisibisi, ndiye fundi simu, alikuwa dirishani mwake na kioo cha kukuzia kwenye jicho moja. Mzee Gazeti, karani mstaafu na rafiki wa marehemu mume wangu, alikalia ncha ya benchi karibu na birika la kahawa. Na Randa, seremala wa karakana ya ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Hilo nililiona mapema, maana kahawa huwa haikai mkononi mwa Randa.

"Haya, sikilizeni," Gazeti akasema, akilikung'uta gazeti lake. "Kuna kampuni imetoa simu inayokunjika. Kioo chenyewe ndicho kinachokunjwa, kama shuka."

"Kama shuka lipi?" nikauliza. "La kitanda kikubwa au kidogo?"

"Ameanza," akasema Bisibisi. "Mzee, leo hakuna habari za mafuriko? Bei ya saruji? Unamsomea mgonjwa vyakula alivyokatazwa."

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Basi wameandika uongo. Kioo kikunjike kisivunjike? Mimi kutwa nabadilisha vioo. Kuna vingine hupasuka ukiviangalia vibaya."

"Ya kukunja mimi nilishakuwa nayo," nikasema, nikigeuza shuka upande wa pili. "Zamani. Wao ndio wanafika leo."

"Ile haikuwa ya kukunja, shemeji. Ilikuwa ya kufunika. Na uliivunja shingo."

"Niliifunga kwa hasira. Nilikuwa nazungumza na wifi yangu."

"Hii mpya inakunjwa mara mbili," akasema Gazeti. "Nadhani ni kwa wenye mawifi wawili."

Bisibisi akaweka chini bisibisi yake, dalili kwamba kazi imesimama. "Hebu mama atupe historia yake. Ya kwanza kabisa ilikuwa ipi?"

"Ilikuwa na mlingoti," Gazeti akadakia. "Naikumbuka. Marehemu alikuja nayo kwangu kuniringia. Nzito kama hiyo pasi."

"Tulikuwa nayo moja, mimi na yeye," nikasema. "Ikilia napokea, nauliza, unamtaka baba au unanitaka mimi? Wote walikuwa wanamtaka baba. Nikaona bora ninunue yangu."

"Ikalia?"

"Haikulia. Nikamrudishia muuzaji, nikamwambia ameniuzia mbovu. Akaipiga mbele yangu, ikalia mpaka watu wakageuka. Kumbe simu haikuwa na ubaya wowote. Nilikuwa sina watu."

"Halafu ukaja na ile ya tochi."

"Ya tochi niliinunua kwa ajili ya tochi. Kupiga ilikuwa nyongeza."

"Na ya laini tatu?" akauliza Gazeti. "Laini tatu, wapigaji wawili. Na mmoja wao ni kampuni."

"Wa pili ni wewe, ukiulizia shati lako."

"Jamani, nyote mnapoteza muda," akasema Bisibisi. "Iliyotumaliza ni hii ya kidole, hii aliyo nayo. Watu wanafungua simu kwa kidole, si ndiyo? Mama akaweka kidole, ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaitukana. Kumbe pasi imemla mama alama zote, vidole vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko."

"Ikabidi tuombe msaada chini," nikasema.

"Kidole gumba cha mguu. Mimi fundi mzima nimepiga magoti hapa, nasajili mguu."

Ndiyo hali yenyewe. Tangu siku hiyo nikitaka kusoma ujumbe lazima nivue kandambili. Hata kwenye nyumba ya ibada, waumini wenzangu waliponiona navua kandambili ya mguu mmoja nje, kabla ya wote, wakasema mama yule ana unyenyekevu wa kweli. Sikuwakatalia. Mola anajua nilikuwa naangalia nini, na ni Yeye peke yake niliyemwambia.

"Lakini hii ya mguu naiaga leo," nikasema. Nikavua kandambili, nikaifungua simu, nikaiweka dirishani kwa Bisibisi ili aikague. "Ile yenye kamera tatu umeniwekea?"

"Ipo, inakusubiri wewe tu."

"Kamera tatu za nini, shemeji?" Gazeti akauliza. "Unapiga picha mashuka."

"Shuka lina pande mbili."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni akiba."

Hapo Randa akakiweka kikombe chini. "Mama," akasema, "nakuomba usibadilishe."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kila ukibadilisha simu, kuna nyumba inawaka moto."

Niwaeleze hapa jambo moja, maana bila hilo hamtatuelewa. Mtaa wetu haununui simu kuukuu iliyofutwa. Simu tupu watu huisema ni ya wizi, kwa kuwa mwizi ndiye mwenye haraka ya kufuta. Mnunuzi wetu anataka aikute ina picha za mtu na majina ya ndugu zake, ajue ina kwao. Kwa hiyo Bisibisi akichukua simu yangu ya zamani hunakili vitu vyangu kwenye mpya, na vile vya mwanzo huviacha humo humo, ndivyo vinavyomuuzia. Picha za mashuka yangu zimezagaa mtaa mzima.

Na sauti yangu pia. Enzi za laini tatu nilijirekodi ili iniamshe alfajiri nisali. Mlio wa kiwandani ulikuwa hauniamshi, nilikuwa nadhani ni simu ya jirani. Siku ya kurekodi nilikuwa na mafua, sauti ikatoka chini, nzito. Inasema, "Amka, mpendwa. Umelala vya kutosha. Inuka, usije ukaniaibisha mbele ya..." Hapo simu ikajaa, ikakata. Mwisho wake nilikuwa naujua mwenyewe, sikuona haja ya kurudia.

"Sema, Randa," akasema Gazeti. "Nyumba gani imewaka?"

"Yangu, tena kabla sijaijenga. Wiki iliyopita nilikwenda kwa kina mchumba wangu kumalizia mazungumzo ya posa. Mvua ikanizuia, wakanipa chumba cha uani nilale."

"Hongera."

"Subiri kwanza, mzee. Alfajiri sauti inatoka kwenye koti langu, kwenye ile simu yako niliyoinunua kwa Bisibisi. Amka, mpendwa. Na ukuta wa pili amelala shangazi yake."

Bisibisi akaondoa kioo jichoni.

"Umelala vya kutosha," Randa akaendelea. "Shangazi ameshaingia na taa. Usije ukaniaibisha mbele ya... kimya. Shangazi ananiangalia mimi, mimi naliangalia koti."

"Si ungesema ni alamu?"

"Nimesema. Nikasema ni alamu, ni sauti ya mama mmoja mjane, mcha Mungu, anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, jirani yangu. Nikajisikia mwenyewe ninavyoyasema, nikaona bora ningenyamaza."

"Hapo kwenye nyumba ya wageni ndipo ulipojimaliza," akasema Bisibisi.

"Naye akasema nini?" nikauliza.

"Akasema, hiyo sauti naijua. Basi, akatoka. Tangu siku hiyo mchumba wangu hapokei simu. Na leo shangazi anakuja hapa kumwona huyo mwanamke kwa macho yake. Kwao neno la mwisho ni lake. Akikataa, nimekosa mke."

"Kwa nini hukuifuta hiyo sauti, mwanangu?"

"Nimeizoea, mama. Inaniamsha niwahi kazini."

"Hiyo inaita watu kwenye sala."

"Mimi naamka kwanza. Hayo mengine mimi na wewe tutayazungumza."

Gazeti akakohoa. "Kusema haki, hata mimi sijaifuta. Mke wangu akiisikia anasema, shemeji ameshaamka, na sisi tuamke."

"Na yule wa buchani," akasema Bisibisi.

"Naye?"

"Anasema mbwa wake ameizoea."

Nikaendelea kupiga pasi, lakini ni shuka lile lile. Miaka yote nimejisifu moyoni kwamba mimi ni mjane nisiye na neno, naingia kwangu mapema, nafunga komeo. Kumbe kila alfajiri nimo vyumbani mwa wanaume wa mtaa mzima, nawaita wapendwa, tena kwa sauti ya mafua.

"Ndiye yule," akasema Randa, akasimama.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kupishwa. Mkoba kwapani, mwavuli mkononi ingawa mawingu hayakuwapo. Akatusalimia wote kwa pamoja, tukaitika wote kwa pamoja, kama darasani. Randa akammiminia kahawa.

"Karibu, shangazi."

"Weka hapo. Sinywi cha mtu ambaye sijajua mambo yake." Akaketi katikati ya benchi, Gazeti akasogea mpaka akabaki na nusu ya makalio hewani. "Iwashe."

Randa akaitoa simu, akabonyeza. Nikajisikia natoka. Sikuwahi kuisikia sauti ile mchana, mbele za watu, na ninawaambia, mchana inazidi. Nilitamani pasi iniunguze mahali nipate sababu ya kuingia ndani.

"Usije ukaniaibisha mbele ya..." ikasema, ikakata.

"Yuko wapi?" akauliza shangazi.

Vichwa vitatu viligeukia mlango wangu.

"Ni mimi, dada," nikasema.

Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani. Akateremka polepole, akapita kwenye aproni, akafika miguuni. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine hauna.

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa na mafua."

"Sema, nikusikie."

Nikasimamisha pasi. "Amka, mpendwa," nikasema, nikimtazama Gazeti kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu mzima kuliko wote. "Umelala vya kutosha. Inuka, usije ukaniaibisha mbele ya..." Nikanyamaza pale pale simu inaponyamaza. Si kusudi. Hata mimi nimeshaizoea hivyo.

"Mbele ya nani?" akauliza shangazi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada yangu, hilo neno limeninyima usingizi. Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mola wako. Simu ilikuwa imejaa."

Akafungua mkoba, akatoa simu iliyofungwa mpira ili mfuniko usidondoke, akaiweka magotini. Niliitambua. Niliipigia picha mashuka mengi ile. Bisibisi akatoa kichwa chote dirishani.

"Hiyo niliiuza mimi. Kwa mzee mmoja mpole, mpima mizani wa ghala la nafaka, kule chini."

"Ni mume wangu," akasema shangazi. "Aliniambia ni alamu. Nikamwambia alamu haiwi na mafua, nikamtoa nje, simu nikabaki nayo."

"Na mzee yuko wapi sasa?" Gazeti akauliza taratibu.

"Huko huko ghalani. Analala juu ya magunia." Akaipangusa simu kwa kiganja. "Jioni ananiletea mboga mlangoni, anabisha hodi, anaziacha, anaondoka. Hajawahi kubadilisha maneno. Ni alamu, mke wangu. Ni alamu tu."

Hakuna aliyecheka, hata Bisibisi, ambaye hucheka misibani. Nikasogea dirishani kwake, nikaichukua simu yangu ya mguu, nikairudisha mfukoni. Kamera tatu zitasubiri.

Randa akasogea. "Sasa, shangazi, na sisi?"

Shangazi akazitazama simu zile mbili, ya mume wake na ya Randa. Akairudisha ya kwake mkobani. Kisha akakichukua kile kikombe cha kahawa pale benchini, kilikuwa kimeshapoa, akakinywa chote mpaka machicha, akamrudishia Randa mkononi. Akaokota mwavuli, akaondoka, wala hakufuata njia aliyokuja nayo. Alishika ile inayoteremka ghalani.