Makabidhiano Rasmi ya Gari Lisilovuja Tena

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mama mzazi wa mke wangu, uliyeketi kwenye kiti pekee chenye mto, huku jicho lako la kulia likiwa bado na bandeji baada ya upasuaji uliofana. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, ambaye kwa bahati njema ndiye mke wangu. Mheshimiwa Mdau wa Maendeleo, jirani yetu mwenye gari jipya, uliyealikwa kwa kuitwa ng'ambo ya ukuta. Ndugu Mwandishi wa Kumbukumbu, binti yangu mkubwa, niliyekuagiza uandike kila kitu bila kuacha hata makofi. Paka uliye chini ya gari. Mabibi na mabwana: itifaki, ambayo wenzangu huizingatia kwa kuitaja tu, mimi nimeizingatia mtu kwa mtu. (Makofi. Aliyepiga ni mheshimiwa msemaji mwenyewe.)

Nasimama mbele yenu jioni hii, juu ya ngazi ya baraza hili, nikiwa nimevaa koti lile lile nililostaafu nalo, kuwatangazia kwa moyo mkunjufu kwamba Programu Kabambe ya Kutafuta, Kubaini na Kudhibiti Uvujaji wa Maji Pembezoni mwa Madirisha ya gari hili mnaloliona hapa uani, gari ambalo ofisi iliniuzia siku ile ile iliyoniaga, na ambalo nyinyi wapenda mzaha mnaliita Mstaafu Mwenza, imefikia kilele chake. (Jirani anatazama mawingu.)

Mdau, tafadhali, usitazame mawingu wakati wa hotuba. Mawingu yana ratiba yake na sisi tuna yetu. Na ratiba yetu inasema kwamba kesho asubuhi Mgeni Rasmi anatakiwa kliniki akafunguliwe bandeji, na daktari alitamka kwa kinywa chake, mimi nikiwapo, kwamba jicho hilo lisiguswe na tone la maji. Sasa nauliza, tena nauliza kwa uchungu wa mtu aliyeongoza idara: mama mkwe wangu apelekwe kliniki na gari la watu, mimi nikiwa hai, nina gari na nina leseni? (Jirani: "Mimi sina neno, mzee mwenzangu. Nikiambiwa nije, nakuja.") Ahsante, Mdau. Utayari wako tumeupokea na tumeuweka kwenye faili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini, kwa heshima zote walizo nazo wahenga, hawakusema ufa wenyewe unatafutwa vipi, na hapo ndipo utaalamu ulipolazimika kuingia. Mtakumbuka kwamba ripoti ya awali ilitolewa na Mgeni Rasmi mwenyewe, msimu uliopita, tulipokuwa njiani kwenda kumwona mjukuu, kwa maneno yafuatayo, nanukuu, "Jamani, nimelowa!", mwisho wa kunukuu. Ripoti hiyo ilituhumu dirisha la nyuma, kule anakokaa, nyuma ya dereva. Uongozi haukulala. Dirisha hilo lilifungwa pande zote kwa selotepu ya kahawia, ile pana ya kufungia maboksi, na toka siku hiyo halijafunguka, iwe kwa maji, kwa hewa au kwa ombi. (Mama mkwe: "Na nikaendelea kulowa.") Naam, mama, na ukaendelea kulowa, na mimi nilipoletewa taarifa hiyo sikukurupuka, bali niliunda kamati ndogo. Kamati ndogo ilikuwa mimi. Nilikutana mara kadhaa, nikanywa chai, na nikafikia azimio ambalo naomba liandikwe kwa wino mzito: maji yanapoonekana sipo yanapoingilia! (Binti anaandika kwa wino aliokuwa nao.)

Hilo si jambo dogo, ndugu zangu. Lina maana kwamba tone lililomwangukia mama begani linaweza kuwa limetoka mbali, limepita mamlaka nyingine kabisa, na kwa hiyo si haki kuulaumu uongozi uliopo. Na kwa ajili ya kumbukumbu niweke bayana kwamba upande wa dereva hauna tatizo lolote. Nimeendesha misimu yote ya mvua katika kiti kile na sijalowa hata mshono wa shati. Utawala bora, kama mnavyojua, huanzia juu.

Sasa nije kwenye mafanikio, yaliyomo katika ukurasa wenye kichwa cha habari kisemacho Mafanikio. (Anaipungia hadhira ukurasa huo.) Kwanza, asilimia sabini na mbili ya maji yaliyokuwa yakituama miguuni pa abiria wa nyuma sasa yanatoka, kupitia tundu la kisasa nililolitoboa sakafuni kwa mkono wangu. (Mke: "Na tukipita kwenye dimbwi je?") Tukipita kwenye dimbwi, Mheshimiwa Mwenyekiti, maji huingia kupitia tundu hilo hilo, na huo ndio unaoitwa mfumo wa pande mbili. Pili, tumeingia katika sekta ya kilimo bila kutumia hata jembe, maana chini ya kiti cha nyuma umeota uyoga, na pembeni yake mche ambao wataalamu bado hawajaafikiana kama ni mpapai au ni mnyanya. (Jirani anakohoa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.) Tatu, tumefanya sensitaizesheni, yaani uhamasishaji, kwa abiria, na leo hii hakuna mtu wa nyumba hii anayepanda gari bila mwavuli.

Lakini naona uso wa Mwenyekiti wa Fedha unauliza kuhusu mbinu, kwa hiyo nigusie mbinu. Fundi wa pale njia panda alinipa ushauri, nami nikaupa jina: Mkakati Shirikishi wa Tochi na Mpira. Mtu mmoja anakaa ndani na tochi, milango yote imefungwa. Mwenzake anabaki nje na mpira wa maji, anamwagia polepole akianzia chini ya kioo na kupanda juu, kwani ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutamjua mchawi ni nani. Kwa ndani unabandika karatasi kavu kwenye kingo za vioo, na ile itakayotangulia kulowa ndiyo shahidi wako. Hapo unaitazama raba inayozunguka kioo, ambayo ikizeeka hukakamaa na kujikunyata kwenye kona, unaipaka gundi au unaibadilisha. Unazibua vile vitundu vilivyo chini ya milango, unaondoa majani yaliyojazana chini ya waipa, na kazi imekwisha. Ni kama kumsukuma mlevi! (Mke: "Haya yote mliyafanya lini, baba watoto?")

Swali zuri. Ni swali zuri sana, na ndiyo maana halimo kwenye ratiba.

Ndugu zangu, niseme jambo moja nje ya maandishi. (Anakunja karatasi, halafu anazikunjua.) Ofisini nilikuwa na mlango wenye jina langu. Siku ya pili baada ya kuagwa, jina lilikuwa limebanduliwa, na hata alama za gundi zimesuguliwa. Kitu pekee kilichotoka nami mle ndani ni hili gari. Likinishinda hili, sijui mtaniitia nini tena mheshimiwa. (Paka anatoka chini ya gari.) Hayo yasiandikwe. (Yameandikwa.)

Turudi kwenye maandishi! Nikisema "Gari kavu", mnajibu "Familia kavu". Gari kavu! (Paka anajilamba.) Gari kavu! (Binti, peke yake: "Familia kavu.") Tone kwa tone! (Mke: "Hilo hukutufundisha.") Mnajibu "Tumelikataa". Tone kwa tone! (Jirani: "Tumelikataa," huku ameukinga mkono kuona kama mvua imeanza.)

Na sasa umefika wakati wa Mgeni Rasmi kukata utepe. Utepe wenyewe haukupatikana kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, ila ile selotepu ya dirishani ina rangi ya kupendeza, na mimi naona itatosha. Mama, karibu. Mkasi huo hapo. (Mama mkwe anaongozwa hadi garini. Analitazama dirisha kwa jicho moja. "Nikate hapa, baba?" "Hapo hapo, mama." Anakata. Kioo kinatetemeka, kinateremka taratibu ndani ya mlango, kinazama chote, na huko chini inasikika chubwi, maana mlango umejaa maji.)

Msiingiwe na hofu! Hiyo ni awamu. Mradi wowote mkubwa una awamu. Basi nihitimishe kwa kuwashukuru wote waliofanikisha jambo hili: niishukuru raba mpya ya kioo, ambayo iko dukani na nitakwenda kuiulizia, nimshukuru fundi wa njia panda, ambaye nimekusudia kumpigia, niushukuru mpira wa maji wa Mdau wetu, ambao bado sijauomba, na niishukuru tochi, inayosubiri betri, kwani bila hao wote mradi huu usingefika hapa ulipofika. (Mke: "Umefika wapi?")

(Tone la kwanza linaanguka juu ya bati. La pili linaanguka juu ya hotuba.)

(Jirani, kwa upole: "Mzee mwenzangu, nitawahi asubuhi. Mama asihangaike." Mheshimiwa anatazama ngazi aliyosimamia. Anazikunja karatasi zake.)

(Mama mkwe: "Jirani, ahsante sana, Mungu akuzidishie. Lakini kesho nakwenda na mkwe wangu. Nilipolazwa, aliyelala kwenye benchi nje ya wodi mpaka shingo ikakataa kugeuka ni yeye. Hakuhutubia, alilala tu pale kwenye ubao. Baba, hizo karatasi zilizobaki ni nyingi?")

Ni nyingi, mama. Sikuwa nimefika hata kwenye changamoto.

(Mama mkwe: "Ni kavu?")

Ni kavu.

(Mama mkwe: "Basi shuka ukazibandike.")

(Mheshimiwa anashuka. Anavua koti, anamfunika mama mkwe kichwani hadi jichoni, na kumrudisha barazani. Mke anachomoa kioo kutoka mlangoni na kukikaza kwa mwiko. Mabaki ya selotepu yanatumika kubandika hotuba ndani ya gari, kwenye kingo za kila kioo: salamu nyuma, takwimu ubavuni, mafanikio mbele. Jirani analeta tochi yenye betri. Mvua inashika kasi, na mheshimiwa amejifungia ndani, akimulika ukurasa mmoja baada ya mwingine.)

(Ukurasa uliotangulia kulowa ni wa Mafanikio. Umelowa kwenye kona ya juu ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Maji yanaingia hapo, yanapita juu ya kichwa cha dereva ndani ya kitambaa cha dari, na kwenda kimya kimya mpaka nyuma kwa mama.)

(Jirani anafungua milango ya banda lake la gari, analitoa lake jipya nje kwenye mvua: "Lisukumeni humu likauke, tupake gundi kabla hatujalala." Mheshimiwa anateremsha kioo chake kidogo, na kutoka ndani anahutubia.)

Mama. Mama watoto. Ni upande wangu. Muda wote huu, ni upande wangu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi. Safari hii aliyeanza kupiga ni Mgeni Rasmi.)