Punje za Gavana wa Zamani

Jumatano, 9 Agosti

Nimeamua. Nagombea tena ugavana wa jimbo la Iowa. Nilishinda mara mbili, nikaanguka ya tatu. Mara zote Ardith, mke wangu, alisimama nyuma yangu akininong'oneza majina ya watu. Alijua hata majina ya mbwa wao. Tangu tumzike mwezi Machi, nyumba hii haina wa kuniita.

Bernadine, dada yake, amekuja na bakuli la viazi. Anasema nimezeeka, nipumzike. Tumekubaliana hivi: kwenye maonyesho ya wilaya kila mgeni hupewa punje moja ya mahindi, akaitumbukize kwenye mtungi wa mgombea anayemtaka. Mtungi wangu ukitia aibu, naondoa jina.

"Na usije kunililia, shemeji," akasema.

Ijumaa, 11 Agosti

Maonyesho yamefunguliwa. Jua kali. Mtungi wangu una punje za kufunika kitako tu. Wa Marlys Overgaard, aliyekuwa naibu wangu, umefika shingoni. Nimemsalimia kijana wa watu kwa jina la baba yake, ambaye ni marehemu. Akanisahihisha kwa upole. Upole ndio uliouma.

Nyumbani, wazo. Ghalani kuna gunia la mahindi. Shamba lilikuwa la Ardith, mimi nilikuwa wa mikutano. Hatakasirika nikichota kidogo.

Jumamosi, 12 Agosti

Taa ya ghalani imeungua. Nikachota kwa kupapasa, nikajaza mifuko ya koti. Mchana, watu walipokwenda kutazama mnada wa ng'ombe, nikamimina yote mtungini haraka bila kuangalia, macho yakiwa kwa watu. Kisha nikazunguka nikipeana mikono, jasho likinitiririka, kama enzi zangu. Muda mfupi wa raha.

Halafu vicheko.

Zilikuwa mbegu. Mbegu za kupanda, zilizotiwa dawa na kupakwa rangi ya pinki ili mtu asije akazila. Mtungi wangu: njano kidogo chini, pinki tupu hadi mdomoni. Mkulima mmoja akatazama kiganja chake, kisha changu. Nusu ya wilaya ilikuwa na viganja vya pinki.

"Mheshimiwa," akauliza, "sasa hizi tuzihesabu au tuzipande?"

Marlys hakucheka. Alinishika mkono hadi bombani, akaninawisha kama mtoto. Akaniambia, "Ardith angekuchapa, bosi." Ni kweli. Halafu angenipikia kahawa. Nilijifanya sabuni imeniingia machoni.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimeondoa jina. Bernadine alisimama kando yangu nilipopiga simu, kisha akanikaangia mayai. Nimemwahidi kwamba siasa basi. Nilimaanisha kabisa.

Mchana nikaenda makaburini kumweleza Ardith. Nilimweleza yote, hata habari za koti, maana ni yeye aliyelinunua. Upepo tu.

Karibu na pale watu walikuwa wanamaliza kuzika. Nikaona si vizuri kuondoka bila kutoa pole. Nikampa mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwili ukaamka. Nilipofika kwa mjane nilimshika kwa mikono yote miwili, nikamwambia najua uchungu wake, na kwa kweli naujua. Kisha nikamwomba kura.

Akachomoa mikono yake. Akauliza, kura ya nini?

Nikamjibu kwamba hilo bado nalifikiria.