Harusi ya Ngendo, na Theuri Alivyonivizia

Jumatano, 11 Agosti 1971. Nyeri.

Nimepata kazi! Harusi ya Ngendo, binti wa Mzee Ngatia, yule mzee wa kanisa mwenye duka la mbolea. Ni Jumamosi hii. Nitapiga picha kumi na mbili. Nitachora bango la kukaribisha wageni. Na wakati wa chakula nitapiga gitaa na kuimba wimbo niliotunga mwenyewe. Mtu mmoja, kazi tatu, na hakuna aliyenifundisha hata moja. Mzee Ngatia aliniuliza kama ni kweli sikufundishwa. Nikasema ni kweli kabisa. Akasema basi tumwachie Mungu.

Kazi hii imekuja wakati wake. Kaka yangu Nderitu, mwenye chumba hiki cha studio, amesema wazi. Harusi ikienda vizuri, nibaki hapa mpaka Krismasi. Ikiharibika, nachukua jembe naenda shamba lake la viazi kule Endarasha, na chumba anampa fundi wa viatu. Endarasha! Baridi ya kule hupasua midomo hadi mtu hawezi kupiga mluzi. Miaka sita ya usanii iishie kwenye viazi?

Saa kumi Theuri alipita mbele ya dirisha langu. Huyu ndiye mwenye studio ile nyingine, karibu na posta, yenye taa mbili za umeme na kiti cha kuzunguka. Alinisalimu. Akaniuliza habari ya kazi. Kwa nini? Mwenye taa mbili anatafuta nini kwa mwenye dirisha moja? Nilimjibu kwamba kazi hakuna. Akanipa pole. Pole ya nini, kama hajui kitu?

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeibiwa wimbo. Leo asubuhi nilimsikia Theuri akipiga mluzi huku akifagia mbele ya studio yake. Wimbo wangu! Ule ule, hadi pale unapopanda! Nilikimbia kwa Wacera, mke wa Nderitu, nikamweleza jinsi wivu ulivyo mbaya. Akaniomba niuimbe. Nikauimba. Wacera akasema huo ni wimbo wa kanisa, umo kitabuni, na wanauimba kila Jumapili ya Meza ya Bwana. Hapo nikaelewa kwamba tatizo ni kubwa kuliko nilivyodhani. Kumbe na kanisa nalo limo.

Wacera alisema: "Wamae, wewe uko na ugonjwa ya kushuku watu. Ati hata wachungaji?"

Mke wa mwenye chumba hajibiwi.

Jioni nilimaliza bango. KARIBUNI HARUSINI, herufi nyekundu, maua pembeni. Theuri asije akachungulia, nililifunika kwa gunia. Rangi ilikuwa haijakauka. Nilipofunua, nyuzi za gunia zilibaki zimeshika kwenye herufi zote. Ni bango zuri, ila limeota ndevu.

Jumamosi, 14 Agosti

Theuri alikuwa harusini! Ati ni binamu ya bwana harusi, Moffat. Sasa ndiyo amekuwa binamu. Alivaa suti, na shingoni alining'iniza kamera ndogo, ya kujifurahisha tu, alivyosema. Nilimweka machoni siku nzima. Ndiyo sababu sikumbuki mengi kuhusu maharusi.

Nilipiga picha zangu kumi na mbili. Kisha nikashika gitaa. Ubeti wa kwanza niliimba peke yangu. Kufika wa pili akina mama wote wakasimama wakaimba pamoja nami, na mmoja akafumba macho akaanza kuomba. Sijui kama nilifanikiwa.

Sasa jambo lenyewe. Nilipokuwa nikikaza nyuzi za gitaa, Theuri alinishikia kamera. Alijitolea mwenyewe! Alikaa nayo kama dakika tatu, amenigeuzia mgongo. Nilipoirudisha mkononi niliona imekuwa nyepesi. Njiani nilizidi kuiona nyepesi. Nilipofika studio nilikuwa na hakika: ametoa filamu.

Nilisimama dirishani, jua bado liko, nikafungua kamera. Filamu ilikuwamo. Nikaivuta nje kidogo nihakikishe ni yangu. Ilikuwa yangu. Nikaivuta yote nihakikishe hakukata kipande. Hakukata. Theuri hakuiba chochote! Nilifurahi sana kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kisha nikakumbuka jua hufanya nini kwenye filamu.

Hakuna picha hata moja. Harusi yote imekuwa nyeusi.

Jumapili, 15 Agosti

Sikwenda kanisani. Nililala sakafuni nikiwaza viazi.

Adhuhuri Theuri alibisha. Wacera alikuwa amemwambia kwamba ananisikia nikilia kupitia ukuta. Theuri alisema hata yeye filamu zimewahi kumharibikia. Akasema kwamba kwa kamera yake ndogo alipiga picha kadhaa, zimetoka vizuri, nichukue negativu nizisafishe kama zangu. Bure. Hataki hata jina lake litajwe.

Nilicheka. Bure! Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimekuja hadi mlangoni kikiwa kimevaa kofia. Nilimwambia filamu yangu ni nzima na nilikuwa nikifanya mazoezi ya sauti. Nikafunga mlango. Alikaa nje kidogo kabla ya kuondoka. Alikuwa akisikiliza nini?

Lakini mtu mwenye kazi tatu hafi kwa kukatwa moja. Nimepata wazo. Nitaichora harusi yote kwa penseli, vizuri sana, kisha nipige picha michoro yenyewe. Picha ya mchoro ni picha. Hata Theuri hawezi kukataa hilo, kama angejua, na hatajua.

Jumatatu, 16 Agosti

Kuchora tangu alfajiri. Pazia nimeliteremsha, tundu la ufunguo nimeliziba kwa sabuni.

Kuna tatizo la mikono. Sikuwahi kujifunza kuchora mikono. Vidole vyangu hutoka kama ndizi, na kila mtu anapata sita. Kwa hiyo nimeficha mikono yote. Moffat ameitia mfukoni. Mchungaji ameitia mfukoni. Ngendo hana mfuko, basi ameiweka nyuma ya mgongo. Kwaya nzima, watu thelathini, mikono nyuma.

Tatizo la pili ni nyuso. Nimegundua kwamba uso ninaoukumbuka vizuri kutoka siku ile ni wa Theuri. Moffat alianza kufanana naye, nikafuta, akarudi. Mwishowe nimemwongezea masharubu.

Kwa ile picha ya ukoo wote sikuwa na nyuso za kutosha. Nikachukua sanduku la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Kuna nyuso nzuri humo, hazina kazi. Nimetumia mwanamke mmoja mwenye pengo na mzee mmoja wa koti refu, ana macho ya upole. Huyo mzee nimemsimamisha nyuma ya bibi harusi. Amekaa vizuri kweli, kana kwamba alialikwa.

Jumatano, 18 Agosti

Zimetoka! Zilikuwa zinaonyesha mistari ya penseli, nikazilaza kwenye chai ya rangi mpaka zikawa na ukungu. Agosti ya Nyeri ina ukungu, nani atashangaa? Nimempelekea Mzee Ngatia bahasha. Akasema watazifungua kesho, familia yote ikiwapo, nami nije. Njiani nilibadilisha barabara mara mbili. Theuri hakuonekana, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

Alhamisi, 19 Agosti

Siku mbaya.

Walikaa wote sebuleni. Picha zikapita mkono hadi mkono. Ngendo akauliza kwa nini kanisani anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Moffat akagusa mdomo wake wa juu, akauliza masharubu ameyapata lini. Mtu wa kwaya akauliza walikuwa wamekatazwa kugusa nini. Nikasema lenzi mpya huwa na mambo yake. Nderitu alikuwa ameegemea mlango. Alisema kwa sauti ya chini kwamba jembe liko tayari.

Ndipo picha ya ukoo ikamfikia Cucu Kagure, nyanya yake bibi harusi. Harusini hakufika kwa sababu ya mguu. Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaiangalia muda mrefu mno. Kisha akasema: "Huyu ni Mathenge wangu."

Mathenge ni mumewe. Babake Mzee Ngatia. Walimzika mwaka wa sitini na sita.

Kumbe wiki ile aliyokufa alikuwa amekuja mjini kupigwa picha, akawaambia atairudia. Hawakujua alipigwa wapi. Nyumba ile haijawahi kuwa na picha yake hata moja. Na mimi nimemsimamisha nyuma ya mjukuu wake, amevaa koti lake.

Wengine walirudi nyuma na viti vyao. Mzee Ngatia alisimama, akaniuliza nimefanya nini. Nilisema mwanga una siri zake. Alisema Jumamosi nilete negativu zote, na atamwita mtu anayejua picha aje azitazame. Mtu anayejua picha! Sikuuliza ni nani. Nyeri nzima, ukiniondoa mimi, yuko mmoja tu.

Nilipokuwa nikitoka, Cucu alinishika mkono. Aliniuliza kama nilipomwona alikuwa anasikia baridi. Nikasema hapana, Cucu, alikuwa na koti. Akashukuru sana. Niliona haya, haya ya kweli, na sitaandika zaidi ya hapo.

Jumamosi, 21 Agosti

Theuri alifika kabla yangu, amekalia kiti cha mgeni, bahasha magotini, picha zangu amekwisha kuzitazama. Nilijua nimekwisha. Nderitu hata alikuwa amekuja na gari la kunipeleka.

Mzee Ngatia akamwomba aseme ukweli wote. Theuri akasimama. Akasema picha halisi za harusi ziko hapa: dawa za Wamae za kusafishia ziliisha, kwa hiyo Wamae alimwachia filamu yake amsaidie. Zile za kwanza ni michoro, zawadi ya msanii kwa familia. Akasema Wamae alikuwa na picha ya marehemu, akaona si vizuri mjukuu aolewe babu yake hayupo.

Akafungua bahasha. Picha kumi na mbili, safi, kila mtu na mikono yake.

Akina mama walipiga vigelegele vitano. Mzee Ngatia alinishika mkono mara mbili, macho yake yana maji. Nderitu akanong'ona kwamba chumba ni changu mpaka Krismasi, na akaenda kutoa jembe garini. Nilikimbia studio nikamletea Cucu ile picha yenyewe kutoka sandukuni. Aliitia ndani ya nguo, upande wa moyo, akaomba apewe uji.

Nimeokoka. Lakini tangu mchana najiuliza swali moja: Theuri amedanganya mzee wa kanisa, mbele ya watu, kwa ajili yangu. Mtu hafanyi hivyo bila mpango. Ni mpango gani?

Jumatatu, 23 Agosti

Nimeujua mpango!

Nderitu alinilazimisha niende kumshukuru, na Wacera akanipa mayai kumi nimpelekee. Kufika posta, nikaona watu wamejaa mbele ya studio yake. Nikajipenyeza. Dirishani, peke yake, ndani ya fremu, kuna picha kubwa kama mlango wa kabati. Ni mimi! Siku ya harusi. Nimekumbatia gitaa, nimeinua kichwa, ninacheka, na nyuma yangu akina mama wanaimba midomo wazi. Chini ameandika kwa mkono wake: WAMAE, MSANII WA NYERI.

Basi ndiyo hiyo! Wimbo haukumtosha. Sasa ameiba uso wangu, na anautumia kuvuta wateja. Mama mmoja alikuwa akisema hajawahi kuona mtu mwenye furaha namna ile. Umati wote ule, na hakuna aliyeona wizi.

Niliingia nikamwambia Theuri kwamba nimemgundua, na picha ile itoke leo. Hakubisha hata kidogo. Alisema samahani, alidhani nitafurahi, na hapo hapo akapanda kiti cha kuzunguka aiteremshe.

Nikamwambia ashuke haraka! Mwizi ndiye hutaka kuondoa ushahidi. Picha ibaki pale pale, na taa moja kati ya zile zake mbili aielekeze vizuri, mpaka nitakapopata wakili. Alikubali. Mayai nimerudi nayo.

Leo nimepita mara sita kuhakikisha ushahidi uko salama. Mara ya sita nilivaa shati lile lile na kubeba gitaa, ili mashahidi wanitambue.