Kwenda Maporomokoni Bila Kuongozwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejiponza. Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Jana tulialikwa chakula cha mchana kwa wakwe. Baba mkwe akasema goti lake litapasuliwa mwezi ujao, na daktari kamwambia baada ya hapo asahau milima na mabonde kwa muda mrefu. Halafu akasema, kama anayejisemea, kwamba amefundisha jiografia mpaka akastaafu, amechora maporomoko yale ubaoni mpaka chaki ikamwingia puani, na hajawahi kuyaona kwa macho yake.

Hata watoto waliacha kugombea paja la kuku.

Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, akafuta vidole kimoja kimoja (huyu mtu hufuta vidole kama anayekwenda kupasua mgonjwa), akatoa simu. Ziara ya kuongozwa! Asubuhi kwenda, jioni kurudi. Basi lenye kiyoyozi, mwongozaji, chakula kwenye maboksi. Kila mtu anavishwa kofia ya njano asipotee. Mama mkwe akampa lile paja. Mbele yangu!

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema baba si gunia la kupakiwa na kushushwa. Mtu mzima husimama anapotaka, hutazama mpaka roho yake iridhike. Nikasema nitampeleka mimi, tutajiendea wenyewe. Nikasema njia naijua kama kiganja changu.

Mke wangu akapaliwa na maji.

Baba mkwe atatoa jibu Alhamisi.

Jumanne, 5 Agosti

Njia siijui.

Lakini kinyozi ana shida gani na ramani? Dunia nzima hukaa kwenye kiti changu. Leo kila aliyekaa nimemhoji. Fundi bomba kasema nikate kulia baada ya daraja. Mwalimu wa udereva kasema daraja hilo halipo. Wakabishana mpaka mmoja akasimama na shuka shingoni. Baadaye ikajulikana kwamba wote wawili hawajawahi kufika.

Alasiri, neema! Kaja dereva wa lori la saruji, hupita huko kila wiki. Anasema ni rahisi mno: nyoosha tu mpaka uone bango kubwa la magodoro, mwanamke kalala anatabasamu. Hapo kata kushoto. Huwezi kulikosa hata ukisinzia.

Kwa furaha mkono ukateleza, mashine ikapita kwenye masharubu yake. Upande mmoja. Ikabidi tuondoe na wa pili. Kaondoka hanisemeshi. Si neno, njia ninayo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kuwapeleleza wale wa ziara. Nilijifanya mteja. Nia: kukusanya maovu yao nimpelekee baba mkwe.

Nilimkuta mwongozaji mwenyewe, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nimempachika jina: Kipaza. Nikamuuliza, je, mzee akitaka kujisaidia njiani? Wanasimama. Mwenye goti bovu? Kuna kijia cha tambarare, na fimbo wanatoa. Akichoka? Kuna kiti cha kukunja. Nikajikaza, nikauliza kwa ukali kama chakula chao huwa cha moto. Akanionjesha. Nikala. Nikaomba tena. Nilipotoka, nilijisikia nikimwahidi kuwaleta rafiki zangu.

Mke wangu asijue.

Jioni nikampigia simu baba mkwe, nikamwambia ziara hizo ni mateso. Mnapangwa mstari. Mnapigiwa filimbi! Akauliza ni filimbi ya namna gani, maana yeye shuleni alipenda zile za chuma. Sauti yake ilikuwa na hamu. Nikabadilisha mazungumzo haraka.

Alhamisi, 7 Agosti

USHINDI! Baba mkwe kanichagua mimi!

Kasema amevaa sare utotoni, akawavalisha wanafunzi sare ukubwani, na kofia ya njano hataki. Nilimtazama mwanyumba usoni nione uchungu. Alikuwa anatabasamu. Kasema hakuna tatizo, yeye na mkewe wataenda na basi, na mama pia. Kisha mke wangu akasema, taratibu kabisa, kwamba na yeye ataenda na basi, ili amsaidie mama.

Mama mkwe ana afya kuliko sisi sote.

Basi tutakuwa wanaume wawili. Bora. Jirani mwenye bucha kanikubalia pikapu yake. Kaniambia nisijali harufu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi. Miguu ipo kwenye beseni. Naandika ukweli mtupu.

Tuliondoka mapema, baba mkwe kavaa koti lake la kustaafia na tai. Harufu tulijitahidi kuisahau, ila mbwa hawakuisahau. Kila tuliposimama walijitokeza, wakatuzunguka kwa heshima kama tumebeba mgeni rasmi. Baba mkwe alipandisha kioo.

Nilinyoosha. Nikanyoosha. Bango la magodoro hakuna! Tukapita bango la simu, tukapita la dawa ya mbu, tukapita la sabuni. Baba mkwe akauliza kama tumekaribia. Nikamwambia sana. Nikaona mahali pana barabara inakata kushoto, nikakata. Kushoto ni kushoto.

Vumbi, mashimo, kisha uzio. Lakini nikasikia maji! Yanavuma! Nikamshusha baba, nikamshika mkono, tukapanda kilima polepole kwa ajili ya goti. Juu pale, kweli, maji yalikuwa yanaporomoka kwa nguvu, yanatoa povu. Yalikuwa yanatoka kwenye mdomo wa zege.

Mungu anisamehe. Nilimwambia, “Haya, baba. Ndiyo hayo.”

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

“Mkwe,” akasema, “hili ni bomba.”

Nikamwambia huenda wameyaboresha siku hizi.

“Mkwe. Hapa ndipo wanaposafishia maji ya mji. Pameandikwa pale.”

Pameandikwa kweli. Herufi kubwa. Mlinzi akatoka kibandani akiwa na mswaki mdomoni, akauliza tunamtafuta nani. Ikawa baba mkwe ndiye anayemweleza, kwa upole, kwamba mkwewe amemleta kuona maporomoko. Mlinzi alicheka mpaka akameza dawa ya meno. Alipotulia akatuelekeza vizuri. Bango la magodoro, kasema, lilishabadilishwa, sasa ni la sabuni.

Tulifika jua limeshapinda.

Hapa sitatia chumvi. Baba mkwe aliposhuka na kuyaona, alishika mlango wa pikapu akasimama hivyo hivyo. Maji meupe yanashuka kutoka mbinguni, ardhi inatetemeka chini ya viatu. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Mimi niliangalia kando, maana kuna vitu mkwe hatakiwi kuvitazama.

Kisha akaniuliza kwa nini mwamba ule ni mweusi. Nikamwambia umeunguzwa na jua. Akasema, “Mh.”

Pembeni, kofia za njano. Mwanyumba, mke wangu, mama mkwe, wote wameshiba wanang'aa. Kipaza alikuwa anaeleza habari za miamba. Nikaona nafasi! Elimu ya bure! Nikamwambia baba mkwe tujisogeze kama tunaopita, tujibane nyuma ya yule bwana mnene mwenye shati la mistari. Tukajibana. Yakaenda vizuri, mpaka Kipaza alipouliza nani anajua kwa nini maporomoko haya yanarudi nyuma kila mwaka.

Mkono ukapanda pembeni yangu. Nilijaribu kuushusha. Haukushuka.

“Mwamba wa juu mgumu, wa chini laini,” baba mkwe akasema. “Maji yanakula wa chini, wa juu unabaki unaning'inia, mwisho unakatika. Nyote mmeelewa? Wewe mwenye shati la mistari, rudia.”

Yule bwana akarudia! Baba mkwe akatoka nyuma yake, akapita mbele na goti lake, akaokota kijiti, akaanza kuchora kwenye mchanga. Watu wakamzunguka. Kipaza angeweza kukasirika. Alichofanya ni kuvua filimbi yake ya chuma na kumvika mzee shingoni. Darasa likaendelea. Sauti yake ilikatika mara moja, alipogeuka kuonyesha kwa kidole kile alichokuwa akichora na kukikuta kiko pale mgongoni kwake, kizima, kinavuma. Akakohoa, akaendelea. Mama mkwe akajifuta macho kwa kofia.

Wakashuka wote kwa kile kijia cha tambarare, baba mkwe mbele akipiga filimbi. Mimi nilibaki kuwafukuza mbwa. Wawili walikuwa wameshapanda garini.

Wakati wa kuondoka mwanyumba kasema kuna kiti kimoja wazi kwenye basi, cha dirishani. Baba mkwe akanitazama kwa huruma, akaangalia pikapu, akaangalia mbwa. Akapanda basi. Lilipogeuka nilimwona dirishani. Kavaa kofia ya njano. Imemkaa vizuri.

Nilirudi nyuma ya basi lao mpaka mjini. Si kwamba sikujua njia. Nilikuwa nawasindikiza.

Jumapili, 10 Agosti

Chakula kwa wakwe tena. Baba mkwe kasimulia habari ya bomba mara mbili, ya pili akiiga sauti yangu. Watu mbavu ziliwauma. Mke wangu aliangusha kijiko.

Nilipotoka kunawa, mzee akanifuata uani akichechemea. Kasema kama angepanda basi asubuhi, angekaa akimsikiliza yule dada kama wenzake, akarudi nyumbani. Kwamba siku yenyewe ameipenda kama ilivyokwenda, bomba na yote. Akanigonga bega, akaingia ndani.

Nimelifikiria hilo jioni nzima. Maana yake iko wazi. Mimi ndiye niliyefanikisha safari ile.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo kaja bwana harusi kutengenezwa nywele. Anaoa Jumamosi, Jumapili anataka kumpeleka bibi harusi kwenye maporomoko. Mama yake anamwambia walipie ziara ya kuongozwa, yeye anasita.

Nilizima mashine. Nilimweleza kwamba anazungumza na mtu mwenye uzoefu. Nikamwambia ziara ni za watu wasiojua wanakokwenda, ndoa isianze na filimbi. Alishawishika kabisa. Akaniomba nimwelekeze.

Nimemwelekeza vizuri, hatua kwa hatua, na kumtahadharisha asitegemee mabango maana hubadilishwa. Anyooshe tu. Akiona ng'ombe mwekundu amefungwa kando ya barabara, akate kushoto.

Hawezi kumkosa. Nilimwona mwenyewe juzi.