Barua Taka Zinazotaka Majibu

Masjala,
Chumba cha mwisho, ghorofa ya chini.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta.

Ndugu Mkuu,

Natumaini u mzima, wewe na mitambo yako. Mimi ndiye mtunza masjala, yule mnayemwita Mzee Muhuri. Jana katibu muhtasi wa mkurugenzi aliniletea habari kwamba Ijumaa mtalifunga sanduku langu la barua pepe, eti kwa sababu najibu barua taka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Barua za karatasi siku hizi zinafika mbili kwa wiki, na moja huwa imekosea anwani. Mkilifunga sanduku hilo, nitakaa na muhuri mkavu mpaka nistaafu. Kwa hiyo nivumilie, nikueleze hoja kwa hoja.

1. Kuhusu jina. Mliponiwekea kompyuta, niliona humo kisanduku kilichoandikwa "Barua Taka". Sasa, mwanangu, sisi tulisoma sarufi enzi za kuchapwa kwa kukosea ngeli. "Taka" ni uchafu, na "taka" ni kuhitaji. Uchafu hutiwa pipani. Hauandikiwi anwani wala hauwekewi tarehe. Basi nikaelewa, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa, kuwa hizo ni barua zinazotaka majibu. Nikaanza kuzijibu.

2. Kuhusu utaratibu. Masjalani barua ikiingia hupigwa muhuri, hupewa namba, huandikwa kwenye rejista na hujibiwa ndani ya siku saba, kisha nakala huwekwa kwenye jalada. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa barua ya magodoro". Muuza magodoro aliniuliza kama nalala vizuri. Nilimjibu kwa kurasa mbili, maana mgongo wangu una historia. Jalada lake sasa limefika juzuu ya tisa. Mama wa usafi analalamika kuwa korido imebaki ya kupita ubavu ubavu. Nimemwambia ndivyo inavyoonekana ofisi inayofanya kazi.

3. Kuhusu adabu. Hawa mnaowaita wasumbufu huniita "Mpendwa". Humu ndani naitwa "yule mzee wa mafaili". Muuza dawa ya kuotesha nywele alinijibu kwa dakika moja, akanishukuru kwa kuwasiliana naye na akaniahidi kuwa suala langu linashughulikiwa. Idara ya Utumishi nimeiandikia tangu mwaka juzi kuhusu kiti changu cha miguu mitatu. Hata kikohozi sijasikia. Sema mwenyewe, kati ya hao wawili, nani taka?

4. Kuhusu wingi. Nasikia mnalalamika kwamba tangu nianze kujibu, barua zimeongezeka kutoka arobaini hadi elfu mbili kwa siku, na mtandao wa jengo zima sasa unatambaa. Hilo si tatizo, mwanangu, hayo ni maendeleo. Ukimjibu mtu vizuri, huwaambia na wenzake. Ni idara gani nyingine humu iliyokua mara hamsini kwa miezi mitatu? Naomba basi wasaidizi wawili, muhuri wa umeme, na kile chumba cha ghorofa ya pili mlichojaza mitambo inayonguruma kutwa bila kumjibu mtu.

5. Kuhusu chujio. Naambiwa mnaleta chujio litakaloamua lenyewe nisome barua ipi. Limesomea wapi? Barua ni mtu aliyekaa, akafikiri, akaandika. Hata anayewaandikia watu milioni kwa mpigo, angalau alikaa mara moja. Kuitupa bila kuifungua ni kumfungia mgeni mlango kabla hajapiga hodi. Kwa miaka thelathini na moja sijatupa barua hata moja bila kuisoma, na sitaanza leo nikiwa na mvi.

Naomba sanduku langu liachwe wazi, na chujio lirudishwe lilikotoka.

Wasalimie vijana wote wa kitengo chako, hasa yule binti mwenye miwani aliyenifundisha kukuza maandishi. Muuza magodoro naye anakusalimu. Nimempa jina lako na anwani yako, utamsikia.

Wako katika wino na subira,

Mzee Muhuri

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, katibu muhtasi amepita kuniuliza kama nilijaza ile fomu iliyokuja na barua pepe zenu za onyo, ya kila anayetaka kubaki na sanduku lake. Mwisho ulikuwa jana. Sikuijaza, kwa sababu sikuiona. Barua zenu zilikuwa zinakuja nne kwa siku, zote zimefanana, zote zinaanza "Kwa wafanyakazi wote", na mimi nina kazi nyingi. Nilikuwa nazifuta kumi kumi bila kuzifungua. Kama zilikuwa na jambo la maana, tafadhali itume tena hiyo fomu, ila safari hii usiwaandikie wafanyakazi wote. Niandikie mimi.